Linux Mint 22 kwenye Dell OptiPlex 780 ya mtumba: maoni ya katibu wa kikoba, Moshi

Kama nyumbani kwako kuna kompyuta ya mezani ya mtumba ambayo mafundi wameshakuambia haifai tena, usiitupe bado. Mimi natumia Linux Mint 22, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, toleo la Xfce, kwenye Dell OptiPlex 780, na naipendekeza bila kusita. Ila kwa sharti moja: chunguza mashine kwanza, Linux ifuate. Matatizo niliyokutana nayo karibu yote yalikuwa ya vifaa vilivyochoka, na hata ningepiga Windows upya yangekuwa palepale yakinisubiri.

Nakaa Rau, na ni katibu wa kikoba cha akina mama. Hisa, mikopo, marejesho, faini za wanaochelewa, mfuko wa jamii, vyote vimo kwenye jedwali moja ndani ya kompyuta hii, na nakala ya karatasi iko kwenye daftari la mweka hazina. Ni hela za watu. Kuna mwanachama anauza ndizi Mbuyuni, anatoa hisa zake kwa kujinyima, na akiniuliza salio lake lazima nimjibu papo hapo na kwa uhakika. Ndiyo maana sikutaka kuendelea na Windows 10 baada ya Microsoft kusitisha masasisho yake ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo haikuwa njia: inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 na kuendelea. Yangu ina Core 2 Duo, prosesa ya kabla hata Intel hawajaanza kuhesabu vizazi vya Core i. Duka moja la mjini waliniambia, "Mama, hii peleka kwa watu wa chuma chakavu, sisi tukupe nyingine." Hiyo nyingine ilikuwa zaidi ya laki nne. Kikoba hakina hela ya kuchezea namna hiyo, na mimi pia sina.

Aliyenishauri Mint ni kijana wa jirani anayesomea mambo ya kompyuta. Nilimhoji sana kabla ya kukubali, kwa sababu akina mama wenzangu wangenihoji mimi. Wakiuliza kama ni kitu cha majaribio, jibu ninalo: Linux ilianzishwa na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi kule Helsinki mwaka 1991, na Mint ikaanzishwa mwaka 2006 na Clement Lefebvre. Toleo la 22 limejengwa juu ya Ubuntu 24.04, Linux nyingine, na linaendelea kupewa masasisho hadi 2029. Ni bure kabisa, halali, huhitaji namba ya leseni wala kutafuta "kraki" mtaani. Inakuja kwa sura tatu: Cinnamon, MATE na Xfce. Xfce ndiyo nyepesi kuliko zote, na kwa mashine ya umri huu usihangaike na nyingine. Watengenezaji wenyewe wanasema RAM isipungue GB 2, ila GB 4 ndiyo ya kufanya kazi kwa raha. Diski isipungue GB 20, na wanashauri GB 100.

Faili la kupakua linakaribia GB 3, kwa hiyo tumia bando la usiku. Likishashuka, linganisha msimbo wake wa SHA256, ulio kama alama ya kidole ya faili, na ule ulioandikwa kwenye tovuti ya Mint. Watu wengi wanaruka hatua hii, halafu usakinishaji unakwama katikati na lawama zote zinakwenda kwa Linux, kumbe faili liliharibika njiani mtandao ulipokuwa unakatakata. Flashi ya GB 8 inatosha, na programu ya Rufus inaiandaa vizuri ukiwa bado kwenye Windows. Kwenye Dell unabonyeza F12 mashine inapowaka ili kuchagua flashi; HP nyingi ni F9. OptiPlex 780 inatumia bayosi (programu ya kuanzishia mashine) ya kizamani, hivyo habari za Secure Boot, ule ulinzi wa wakati wa kuwaka, hazikuhusu. Mwenye laptopu ya miaka ya karibuni ataikuta, na flashi ikigoma kuwaka aanze kuangalia hapo.

Jambo ninalolisifia kuliko yote ni kwamba Mint inawaka yote kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Unaona dawati, unafungua Firefox, unasikiliza sauti, unajaribu printa, yote kabla hujafuta kitu. Na hapo hapo unaweza kufungua diski yako ya zamani na kunakili mafaili yako pembeni. Nilitoa majedwali yote ya kikoba, picha za watoto na barua za kwaya kabla ya hatua nyingine yoyote. Usikubali fundi yeyote akufutie mashine kabla hujafanya hivi mwenyewe na kuhakikisha nakala zinafunguka.

Ukiwa bado kwenye flashi, fungua programu iitwayo Disks, chagua diski yako, kisha soma taarifa za SMART, yaani ripoti ya afya ya diski. Ya kwangu ilitoa onyo kwa maandishi mekundu kwamba diski inaelekea kufa. Hapo nikaelewa kwa nini Windows ilikuwa inaganda kila jioni. Tulikuwa tunasingizia virusi. Kusakinisha mfumo wowote juu ya diski ya namna hiyo ni kupoteza jioni yako na data yako. Nilinunua SSD, diski isiyozunguka, ya GB 240 kwa shilingi 65,000 na kipande cha RAM ya DDR3 cha GB 4, cha mtumba, kwa 20,000. RAM ilipokataa kusomeka mara ya kwanza, kijana alisugua meno ya dhahabu ya kipande hicho kwa ufutio wa penseli, akapuliza, akairudisha kwenye nafasi yake mpaka vishikio vikalia ta! pande zote mbili. Ikasomeka. Kama mashine yako ina diski ya kuzunguka na hela yako inatosha kitu kimoja tu, nunua SSD. Hakuna kinachoibadilisha kompyuta ya zamani kama hicho.

Sasa nije kwenye saa, maana hapa ndipo nadhani wengi wanakata tamaa bila kujua wamekwamia wapi.

Mashine ilikuwa kila ikichomolewa ukutani, au umeme ukikatika, ikiwaka inasimama kwenye skrini nyeusi na maandishi "Time-of-day not set", inataka ubonyeze F1 ndipo iendelee. Tulikuwa tumezoea, tunabonyeza tunaendelea. Kwenye Mint tabia hiyo ilizaa matatizo mapya. Intaneti imeunganishwa, alama ya mtandao inaonyesha ipo, lakini Firefox inagoma kufungua ukurasa hata mmoja. Kila tovuti inadaiwa si salama. Ukifungua Update Manager, inakataa masasisho, na ndani ya ujumbe wake mrefu kuna maneno "not valid yet". Ukisoma haraka utasema waifai mbovu, au Linux mbovu. Kijana alipoingia, shikamoo, marahaba, hakugusa mtandao kabisa. Alinyoosha kidole kwenye kona ya skrini, "Mama, hii tarehe vipi?" Ilikuwa tarehe ya zamani.

Alivyonieleza ni hivi. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mashine inayoamini iko miaka ya nyuma ikikiona cheti kilichotolewa mwezi uliopita, inakiona bado hakijaanza kutumika, kwa hiyo inakikataa, na iko sahihi kukikataa. Hali ni hiyo hiyo kwa orodha za masasisho. Mint yenyewe huuliza saa sahihi kwenye intaneti na kujirekebisha, lakini lazima kwanza mtandao uwepo na jibu lirudi, na sisi siku hiyo tulikuwa tumekosa mtandao tangu asubuhi kwa sababu nitakayoieleza hapa chini; ndiyo kwanza ulikuwa umepatikana, na saa ilikuwa bado haijajirekebisha. Ukitaka kutoka hapo upesi, weka tarehe na saa kwa mkono kwenye mipangilio, funga Firefox, uifungue upya.

Dawa ya kudumu ni betri ya ubao mama, ile bapa ya duara yenye namba CR2032. Niliinunua kwa fundi saa mjini kwa shilingi 2,000. Chomoa waya wa umeme kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, fungua ubavu wa kasha, sukuma kishikio kidogo, betri inaruka yenyewe. Mpya inaingia upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu. Kisha ingia kwenye bayosi kwa F2, weka tarehe na saa, hifadhi. Tangu hapo umeme ukatike mara ngapi, saa haitetereki. Kwangu mimi katibu hili lina uzito zaidi ya tovuti kufunguka: faili la marejesho lililosahihishwa Jumapili linatakiwa lionyeshe Jumapili ile, si tarehe ya miaka ya nyuma, siku mwanachama akisema hakubaliani na hesabu.

Na mtandao nao. OptiPlex haina waifai ndani, natumia kile kidude kidogo cha USB, kisicho na jina lolote la maana, vinauzwa kila duka la vifaa vya simu. Nilipokichomeka kwenye Mint, badala ya orodha ya waifai ilitokea alama ya CD kwenye dawati. Watengenezaji wa vidude hivi huficha ndani yake madereva ya Windows, hivyo kikichomekwa kinajitambulisha kwanza kama CD. Ukiandika lsusb kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, unakuta namba 0bda:1a2b, na ukishaiona namba hiyo ujue kidude ni kizima, bado hakijageuka tu. Bofya kulia kwenye ile alama ya CD, chagua Eject, subiri kidogo. CD inapotea, na majina ya waifai za majirani yanaanza kujipanga. Kwa kidude changu, dereva yenyewe imo tayari ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) ya 6.8 inayokuja na Mint 22, sikuwa na cha kupakua. Kwa vile kila mashine inapowaka kinarudi kuwa CD, kijana aliniwekea kanuni ndogo ya udev, sehemu ya Linux inayosimamia vifaa vinavyochomekwa, inayofanya ile Eject bila mimi kuhusika.

Wakati unahangaika na waifai, usikae bila mtandao. Chomeka simu ya Android kwa waya wake wa kuchajia, nenda kwenye mipangilio ya simu, washa kushiriki intaneti kwa USB. Mint inaipokea simu kama mtandao wa waya, papo hapo. Hii ilituokoa, na ningependa kila anayejaribu Linux Tanzania aijue kabla ya kitu kingine chochote. Wenye modemu za Huawei kama E3372 ya HiLink watakuta nayo inapokelewa vivyo hivyo, ukurasa wake ukifunguka kwenye 192.168.8.1. Na wenye laptopu zenye waifai ya Broadcom, fungueni Driver Manager flashi ya Mint ikiwa bado imechomekwa. Mara nyingi dereva inatoka humo humo.

Kusakinisha kwenyewe hakuna simulizi. Unajibu maswali machache, unachagua Africa/Dar es Salaam kwa saa, unaweka jina na nenosiri, unakwenda kupika. Kuwa makini sehemu moja tu: palipoandikwa kufuta diski yote, hakikisha diski iliyotajwa ndiyo unayoikusudia, hasa kama ya zamani bado imechomekwa ndani.

Matumizi ya kila siku yamenifurahisha. Kutoka kubonyeza kitufe hadi kuona dawati ni chini ya dakika moja. Nafungua jedwali la kikoba, WhatsApp ya kwenye kivinjari na kurasa kadhaa, na haigandi. Video za YouTube naziangalia kwa 480p; ukipandisha sana prosesa inalemewa na feni inapiga kelele, na hilo ni la umri wa mashine, hakuna mfumo utakaolibadilisha.

Flashi ndilo eneo nililopumua zaidi. Hapa mjini flashi ikishaingia steshenari moja inarudi na kile kirusi cha njia za mkato: mafaili yako yamepotea, kila folda imegeuka kijimshale, ukikibofya umekisambaza. Binti yangu yuko kidato cha nne, kila mara analeta mitihani ya kujipima kwenye flashi za wenzake. Kwenye Mint vijimshale vile haviwashi chochote, maana vimeandikiwa Windows. Zaidi ya hapo, mafaili ambayo kirusi kiliyaficha yanaonekana wazi kwenye folda, kwa sababu Linux haijali ile alama ya kuficha ya Windows. Ninafuta vijimshale, ninafungua folda ambayo kirusi kiliipa jina tupu, na kila kitu kimo. Mwalimu mmoja wa shule jirani alikuja na flashi yake akiamini maswali yake ya muhula yamepotea. Tuliyakuta yote. Sasa jirani wakipatwa wananiletea.

Kwa ofisi kuna LibreOffice, imo tayari. Calc ilifungua jedwali langu la xlsx na fomula zake zote za riba na gawio zikafanya kazi. Nilizipitia mstari kwa mstari nikilinganisha na daftari la mweka hazina, na nawashauri mfanye hivyo pia kabla ya kuamini. Macro za Excel, zile amri za kujiendesha zenyewe, ni jambo jingine, nyingi zinagoma. Barua za Word zinafunguka, ila fomu zenye majedwali mengi, kama zinazotoka kwa afisa maendeleo ya jamii, zinaweza kusogea mistari. Mara nyingi chanzo ni fonti: hakikisha Carlito ipo, maana herufi zake zina upana sawa na za Calibri, na ukurasa unarudi kukaa kama ulivyoandikwa. Ningependa sana menyu zote ziwe za Kiswahili kwa ajili ya wanachama wasiosoma Kiingereza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, na LibreOffice imetokana na OpenOffice hiyo hiyo. Kazi ile ilistahili kuendelezwa, na bado naamini vijana wetu wa vyuo wanaweza kuiendeleza.

Printa: HP LaserJet P1102 inatambulika, lakini haichapi hadi uweke kiambatanisho cha HP kwa amri ya hp-plugin ukiwa na intaneti. Usipojua utazunguka nayo siku nzima. Epson za wino wa kujaza, aina ya L zinazopendwa na steshenari, dereva yao ni ile ya escpr ya Epson wenyewe.

Washa Timeshift mapema. Inapiga nakala ya mfumo, na sasisho likileta shida unarudi ulipokuwa. Lakini haihifadhi nyaraka zako kwa mpangilio wake wa kawaida, hivyo majedwali ya kikoba nayanakili kwenye flashi maalumu kila baada ya kikao, flashi isiyotoka nyumbani.

Nani asihamie? Anayeishi kwa CorelDRAW au Microsoft Publisher, mfano mchapaji wa kadi za harusi na fulana, abaki Windows. Programu hizo hazina toleo la Linux kwa sasa. Mwenye programu ya hesabu ya ofisini aulize kwanza aliyemuuzia. Na mtu asiye na kijana wa kumuuliza ajue kwamba mafundi wengi wa mjini bado hawaijui Linux. Ukiwapelekea mashine, wa kwanza atakuuliza kama akupigie Windows. Huo ndio upungufu mkubwa ninaouona, na uko kwetu, hauko kwenye Mint.

Gharama yangu yote, SSD, RAM na betri, ni shilingi 87,000. Mint 22 ni ya biti 64 peke yake. Core 2 Duo zote ni za biti 64, hivyo OptiPlex 780 haina shida. Kama unayo Pentium 4 au Atom ya zamani, angalia kwenye Windows kama prosesa imeandikwa x64. Ikiwa ni ya biti 32, Debian 12, Linux nyingine, bado ina toleo lake, na unaweza kuweka Xfce juu yake.